Mbwa wangu alichimba mlangoni, nikaamini ananichimbia kaburi

Habari za saa hizi wakuu.

Mimi ni msomaji tu humu, huwa sichangii. Leo naandika, na ninachoandika ni kweli tupu, hata sehemu ambazo ningependa zisiwe kweli. Ni mama mtu mzima, nina wajukuu, kwa hiyo mkinitukana mnitukane kwa adabu kidogo.

Kilichonileta ni uzi wa mwenzetu aliyeuliza kwa nini mbwa wake anazunguka zunguka na kukwangua chini kabla ya kulala. Wengi mmejibu kwa utani. Mimi nimeusoma mara tatu na nimeshindwa kucheka.

Twende Bunia, enzi za Zaire, mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Nilikuwa nimeolewa na mwalimu wa shule ya msingi. Tulikaa mtaa wa Shari, nyumba ya tofali na mabati, sakafu ya simenti ambayo mume wangu aliipenda kuliko nguo zake. Jiko lilikuwa kibanda cha udongo nje, kama kwa kila mtu.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi kijijini, kule Fataki, na ng'ombe zake. Ndiye aliyetupa mbwa, jike la kahawia, sikio moja limekatika ncha.

Nikampa jina Waseme.

Wanaojua wameshaelewa. Nilikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, mimba mbili zimetoka, na mtaa mzima ulikuwa na maoni. Kwa hiyo kila jioni nasimama uani naita kwa sauti, "Waseme! Waseme!", na waliokusudiwa wanasikia vizuri. Jina lilikuwa la majirani, mbwa alilibeba tu.

Sasa kulala kwake.

Kule Fataki alizoea kulala na ndama, kwenye majani makavu, mgongo umeegemea ukuta. Kwetu alikuta simenti. Wanaoijua Bunia wanajua baridi ya alfajiri ya kule, simenti inakuwa ya kuumiza mifupa. Basi anaondoka anakwenda kulala kwenye jivu la jikoni, likiwa bado na joto. Asubuhi anaingia ndani mweupe kama amepakwa unga, na mimi namchapa na ufagio.

Mchana jua likiwaka anakwangua udongo chini ya ukuta ili apate ubaridi. Namchapa tena, anaharibu uwanja.

Sikuwahi hata siku moja kujiuliza mbwa huyu alale wapi. Nilijua tu pa kumfukuza.

Halafu nikapata mimba ya tatu. Ikapita mwezi wa tatu, ikapita wa tano. Nilikuwa natembea kama nimebeba mayai. Mume wangu alinikataza hata kuinua ndoo. Nilishona vinguo, nikafua vikwembe vya zamani vikawa laini, nikavikunja kwenye sanduku chini ya kitanda. Kila siku nalifungua navitazama, nalifunga.

Nilipofika mwezi wa nane, Waseme akaanza kuchimba.

Si kukwangua kama zamani. Alichimba hasa, pembeni ya mlango wa nyuma, chini ya paa pale ambapo mvua haifiki. Shimo la kuingia mwili mzima.

Jirani yetu, Mama Furaha, alikuja kuomba moto akaliona. Akasimama.

"Madamu, unaona hii mbwa iko nafanya nini?"

"Inachimba."

"Inachimba kaburi. Ku mulango yako, na weye uko na mimba. Fukia, fukia sasa hivi!"

Msimseme Mama Furaha. Hakunifundisha kitu kipya. Nilikuwa nimelisikia tangu utoto kwamba mbwa akichimba mlangoni, kuna mtu wa nyumba hiyo atakayezikwa. Sote tulilijua, waliosali na wasiosali. Na mimi nilikuwa nimeshazika wawili ambao hata hawakupata majina.

Nikafukia. Kesho yake kachimbua. Nikafukia na jivu, nikamwaga maji ya chumvi. Kachimbua. Nilikuwa nalia huku nafukia, tumbo hili hapa, nimepiga magoti.

Jumamosi, wanaume wakiwa wameenda salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaro na barabara, nikabeba mawe mwenyewe. Mimi niliyekatazwa kuinua ndoo. Nikajaza lile shimo mawe mpaka juu, kisha nikachukua mchi nikamfukuza Waseme hadi nje ya ua. Aliporudi nilimrushia jiwe. Lilimpata ubavuni.

Wakuu, hapa ndipo penyewe.

Kwa miaka yote nimekuwa nikijiambia kwamba sikujua. Nilijua. Niliona chuchu zake zimeshuka, niliona tumbo limejaa pande zote mbili. Mwanamke mwenye mimba hawezi kukosa kuiona mimba nyingine uani kwake. Niliona, nikaamua kutoangalia.

Mchana ule ikanyesha mvua ya kweli, na ikaendelea mpaka Jumapili.

Jumatatu asubuhi mume wangu akiwa shule, nilifungua mlango wa nyuma. Waseme alikuwa juu ya yale mawe, analamba mtoto wake. Mmoja. Alikuwa ameshakauka, yaani amekufa. Waseme anamlamba, anamsukuma kwa pua kuelekea ukutani, pale kwenye shimo lake, halafu anamlamba tena.

Nikafuata nyayo zake kwenye tope. Nyuma ya parseli yetu, yaani kiwanja chetu, kulikuwa na bonde dogo walikochimba udongo wa tofali. Wengine wanne walikuwa mle, ndani ya maji.

Niliwazika mwenyewe kabla mume wangu hajarudi. Nikamwambia mbwa alizaa watoto wafu. Akasema pole yake, akaendelea kula.

Binti yangu alizaliwa wiki chache baadaye, materinite, hospitali ya uzazi ya pale mjini. Mzima, mnene, na sauti ya kuamsha mtaa. Hakuna kaburi lolote lililochimbwa ila lile nililochimba mimi.

Mama mkwe akashuka kutoka Fataki kuja kunikanda na kumwogesha mtoto. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya pili alikuwa amekaa uani na mtoto miguuni, akamwangalia Waseme aliyelala kwenye mawe. Maziwa yalikuwa hayajamkauka vizuri.

"Hii mbwa ilizala. Watoto yake iko wapi?"

"Ilikufa, Mama. Ilizala yenye kufa."

"Na haya mawe?"

Alinisubiri. Mama yule angeweza kukusubiri mpaka jioni. Mwishoni nikamweleza yote, kaburi, chumvi, mchi, mvua.

Hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alisema tu:

"Ilikuwa natafuta fasi ya kulaza watoto. Na weye, siku yako ilifika, nani alikufukuza?"

Akanirudishia mtoto, akainuka. Akatafuta mbao mbili akaziweka kwenye kona ya jiko, zikae juu kidogo ya ardhi. Akajaza gunia majani makavu. Akalisukuma mpaka ukutani ili mbwa apate cha kuegemea, na uso uangalie mlango, maana mbwa hapati usingizi kama haoni anayeingia. Juu akatandika kikwembe chake mwenyewe, alichokuwa amejifunga.

Akamwita. Waseme akapanda, akazunguka mara tatu, akajikunja. Akalala mchana kutwa, mpaka nikaenda kuangalia kama anapumua.

Kazi yote haikufika hata nusu saa. Mbao zilikuwepo siku zote. Gunia lilikuwepo.

Mama mkwe alipokuwa anarudi Fataki aliondoka na mbwa. Mume wangu akashangaa, akauliza kwa nini. Akamjibu kwamba ndama zake hazina mlinzi. Habari ya mawe hakumwambia, wala siku hiyo wala baadaye, na wote wawili wameshatangulia. Aliniangalia mara moja tu akiwa anafunga kamba, nami nikajifanya natengeneza shuka ya mtoto.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia aibu. Mnyama akichimba, akizunguka, akihama kutoka simenti kwenda jivuni, anakwambia anachohitaji. Penye ukavu, pasipo upepo, mgongo umeegemea kitu, naye anaona mlango. Akiwa na mimba mpe kona yake mapema, umwache nayo. Na hofu yako usimtwishe asiyeweza kujitetea. Mimi nilikuwa na hofu ya kweli, lakini jiwe nililirusha mimi.

Sasa naomba ushauri, ndiyo sababu ya uzi huu.

Yule binti yangu ana mbwa jike, na ana mimba. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kitanda alichomtengenezea, blanketi, kisanduku, kila kitu. Akaniuliza, "Mama, wakati nilizaliwa siye hatukuwa na mbwa?"

Nikamjibu hapana.

Nyinyi mngemwambia? Semeni bila kunihurumia, nasoma komenti zote.