Rubani Aliyeswaliwa Akiwa Hai

Hebu mwone kwanza anavyofika. Bajaji imesimama mtaani Makorora, penye turubai lililofungwa toka ukuta huu mpaka ule, na anateremka mzee mrefu, kanzu imenyooka, mguu wa kushoto ukitangulia mkavu kwa sababu goti lake halikunjiki. Hasalimii mtu. Analitazama jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani, na taya zinamcheza kama anayetafuna kitu kigumu. Huyo ni Hatibu Uweso. Aliyelala kwenye jeneza ni kaka yake, Shaib.

"Marehemu kaja," Sele, fundi baiskeli, akanong'ona.

"Marehemu si yule pale?" akauliza mgeni mmoja.

"Yule mpya. Huyu wa zamani."

Wakacheka chini chini, na Hatibu akasikia. Kaa nikueleze jina hilo lilivyompata, ndugu yangu, halafu wewe mwenyewe useme kama ni la kuchekea.

Hatibu alikuwa rubani wa ndege za kivita. Mama yake, Bi Semeni, alimlea kwa kuuza vitumbua hapo hapo Makorora. Alipochaguliwa jeshini akapelekwa ng'ambo kujifunza kurusha, na aliporudi, mama alikuwa na swali moja tu: "Huko juu unakula saa ngapi, mwanangu?"

"Hakuna nafasi ya kula, mama."

"Basi hiyo si kazi."

Vita vya Kagera vilipoanza akapelekwa kanda ya ziwa. Aliruka, akarudi, akaruka tena. Kitu ambacho hakukizoea ni kule kusimama uwanjani baada ya kutua, shingo juu, akimtafuta mwenzake aliyeruka naye ubavu kwa ubavu. Kisha siku moja wenzake wakasimama wakimtafuta yeye. Ndege yake ilikuwa imepigwa. Moto ulipoingia kwenye injini alivuta mpini, kiti kikamtupa nje, na mwavuli ukafunguka ardhi ikiwa imeshamkaribia. Goti likasagika. Wakulima waliomwokota kwenye matope ya mto walimficha migombani mwao, maana adui alikuwa bado anapita huko.

Makorora, ofisa mmoja alifika akamkuta Shaib barazani. Alimwambia waziwazi: ndege haijarudi, rubani anatafutwa, msikate tamaa. Basi Bi Semeni akahamia mlangoni. Hali chakula, halali usingizi. Gari likipita, anasimama. Shaib alivumilia kumtazama, kisha akachoka. Akaenda kwa imamu wa wakati ule kusema Hatibu amekufa na maiti haipatikani.

"Una hakika?" imamu akamuuliza.

"Nimeambiwa na ofisa mwenyewe."

Ijumaa iliyofuata wakamswalia swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Msikiti mzima ukasimama safu kwa safu mbele ya mahali patupu. Hitma ikasomwa. Na Bi Semeni, ambaye kungoja ndiko kulikokuwa kunamweka hai, hakuwa tena na cha kungoja. Akajilaza, na hakuinuka.

Hatibu alirudi kwa magongo. Aliingia uani akakuta watu tele na masinia ya pilau. Mmoja akaangusha sinia, wengine wakaparamia ukuta, naye, masikini, akacheka, akidhani ni furaha ya kumwona.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

Walikuwa wanakula arobaini ya mama huyo.

Shaib hakuomba radhi, si siku ile wala baadaye. "Nilikuwa namwondolea mateso," alisema. "Hukumwona alivyokuwa analia."

"Alikuwa analia akiwa hai!"

Na majirani, badala ya kuona haya, wakapata mzaha. Sokoni: "Shikamoo, Marehemu!" Kwa kinyozi: "Mpisheni Marehemu akae!" Waliocheka zaidi ni wale wale waliosimama safu ya mbele kumswalia. Hatibu akahamia mtaa wa Usagara, na hakuukanyaga tena uwanja ule wa nyumbani kwao mpaka leo.

Tuhfa, binti pekee wa Shaib, alimfuata pale alipokuwa amesimama chini ya turubai. "Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba."

"Wanakungoja wewe. Baba hana mtoto wa kiume."

Hatibu alielewa. Jeneza haliondoki nyumbani kabla mtu wa damu hajasimama mbele ya watu kumwombea marehemu radhi.

"Nimwombee mimi?"

"Nani mwingine, ba'mdogo?"

"Mwite Sele. Ana maneno mengi."

"Kila jioni baba alikuwa anaulizia habari zako."

"Toka hapa mpaka Usagara ni safari ya bajaji. Kilimshinda nini?"

"Aibu," Tuhfa akasema, na machozi yakamtoka.

"Mimi nilikuja kwa magongo toka mpakani. Yeye ameshindwa na aibu?"

Lakini alisogea mbele. Sheikh Haroub, imamu wa sasa, akainua mkono, watu wakanyamaza. Sauti ya Hatibu ilitoka kavu, kama ya gwarideni.

"Kama yupo aliyekosewa na Shaib bin Uweso, amsamehe."

"Tumemsamehe!" uwanja mzima ukajibu kwa mkupuo, na wabebaji wakainama palepale kushika jeneza.

Damu ikampanda Hatibu. Wamesamehe nini hawa? Nani kati yao alizikiwa mama na yeye hayupo?

"Liacheni!"

"Mzee, adhuhuri inaingia," Sele akasema.

"Nimesema liacheni! Haraka yenu ni hii hii mliyoniswalia nayo mimi. Hakuna hata mmoja aliyesema tungoje kidogo. Hata mmoja!"

Hapo hakuna aliyecheka. Wazee wengine walitazama ndara zao.

Sheikh Haroub akamsogelea, akamuuliza polepole, "Na wewe, Mzee Hatibu? Umemsamehe?"

Mzee akaweka kiganja juu ya jeneza. Adhana ikaanza, na wabebaji, wakiwa bado wameinama, wakatazamana.

Sasa wewe, kama ungekuwa mmoja wao, mikono yako iko chini ya jeneza lile, ungemngoja ajibu, au ungelinyanyua?