Machi ya Bi. Ottilie

Ukuta mmoja tu ulinitenganisha na Bi. Ottilie Brandhuber, mwalimu wa piano, pale Kassel, Ujerumani. Miaka kumi na moja nilisikia wanafunzi wake wakiboronga, nikazoea.

Vita vilipopamba moto, redio ilitufundisha muziki hata sisi tusiojua kitu. Tarumbeta zikilia kwa mbwembwe, jeshi letu limeshinda mahali. Muziki ukienda taratibu, ujue kuna kilio. Baada ya jeshi letu kuangamia Stalingrad walitupigia nyimbo za taratibu siku tatu mfululizo, na tangu hapo tukizisikia tunatoka mbio kuulizana habari.

Hicho ndicho kilichomponza Bi. Ottilie. Jumapili moja, madirisha wazi, alipiga kipande cha taratibu alichokipenda tu. Kabla hajamaliza wanawake walikuwa wamejaa uani, mmoja akipiga mayowe, "Tumeshindwa wapi tena?" Walidhani ni redio.

Jioni akapanda Bwana Knappe, mjumbe wa chama tawala katika jengo letu, mtu ambaye hata wimbo wa taifa alikuwa akiukosea.

"Mama, unawavunja watu moyo. Wenzako wamefungwa kwa makosa madogo kuliko hili."

"Nilikuwa najifurahisha tu, Bwana Knappe."

"Basi jifurahishe kwa kuchangamka! Nikisikia tena huo msiba wako, jina lako nalipeleka polisi. Na wewe una mtoto vitani, huoni haya?"

Mtoto mwenyewe ni Lorenz, wa pekee. Bi. Ottilie akaifunga piano, haikulia mwezi mzima.

Asubuhi moja ya Mei ikalia. Ilikuwa machi, muziki wa gwaride, ya kasi, ile Lorenz aliyojifunza akiwa na miaka saba. Akairudia mara tatu, mara nne. Moyo wangu ukaruka: kijana kapata likizo! Nikabeba keki ya tufaha iliyomaliza sukari yangu yote, nikaingia bila hodi.

"Haya, yuko wapi mwanajeshi wetu? Mwambie jirani kaja na keki!"

Hakugeuka. Vidole vilikuwa vikikimbia, mashavu yamelowa chapachapa. Mahali pa karatasi za muziki palikuwa na barua fupi ya kikosi cha Lorenz, yenye muhuri. Nilisoma mistari miwili, ikanitosha kujua Lorenz hatarudi. Nilijionea aibu na keki yangu mkononi.

"Funga mlango, Irmgard," alisema bila kuacha kupiga. "Knappe yuko ngazini."

Nikaufunga. Huko nje Knappe alikuwa akiifuatisha machi kwa mluzi.