Damu ya Debra Bado Iko Kwenye Friza

Saa mbili asubuhi, Agneta Wechuli anashuka kwenye bodaboda sokoni Kombewa, eneo la Seme. Muuza ndizi anamwona.

"Mama wa damu, leo utakunywa chai ama damu yetu?"

Agneta, 43, anatabasamu na kupita. Sanduku lake la barafu limebaki Kisumu. Leo hakuja kumtoa mtu damu.

Yeye ni msaidizi katika maabara ya utafiti wa malaria. Huwaendea akina mama wodini na kuomba damu ya watoto wao wagonjwa, kijiko kimoja tu. Vimelea vya malaria vikiwa ndani ya damu hutoa vifuko vidogo mno, ambavyo hadubini ya kawaida haivioni. Watafiti wanatumaini vifuko hivyo vitaonyesha mapema ni mtoto yupi atazidiwa.

"Mama huniuliza kama itamponya wake. Namwambia hapana. Labda itamponya wa mwingine, miaka ijayo."

Mwezi uliopita Anyango, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikubali. Bintiye Debra, wa miaka minne, alikuwa ameshikwa na degedege. Alifariki kesho yake.

Jioni ya siku damu ilipotolewa, stima ilipotea maabarani. Damu ilipaswa kuzungushwa kwenye mashine ili chembe za damu zitengwe, ndipo igandishwe. Masinde, aliyekuwa zamu, aliogopa itaoza, akaigandisha ilivyo kwenye friza iliyokuwa bado na baridi. Chembe zikapasuka. Sasa hakuna awezaye kutofautisha vifuko vya vimelea na mabaki ya chembe hizo.

Wakubwa walimwambia Agneta asimsumbue mfiwa. Alikataa.

Nyumbani kwa Anyango anapewa kiti cha plastiki, na anaeleza yote bila kuzunguka. Anyango anachambua omena, hainui macho.

"Kwa hivyo haikusaidia mtu?"

"Haikusaidia, Mama Debra. Tuliiharibu."

"Iko wapi saa hii?"

"Kwa friza. Itachomwa Ijumaa, pamoja na taka zingine."

Anyango anaweka ungo chini.

"Choma ya kwenu. Ya mtoto wangu mniletee. Kaburi iko hapo nyuma ya nyumba. Nilimzika amepungua."

Taratibu za maabara haziruhusu damu ya mgonjwa irudishwe kwa jamaa. Agneta anazijua, na anamwambia Anyango hivyo. Lakini anapanga kuwaomba wakubwa wake leo hii, ana kwa ana, kabla hajavua viatu vya safari.

"Nataka hiyo chupa irudi Seme," anasema akielekea barabarani. "Wakikataa, nitakuja kumwambia hilo pia. Na sitaomba tena damu ya mtoto wa mtu."