Mguu Usiotulia

Tangu niolewe Ijuganyondo nilikuwa na ombi moja kwa mume wangu, anifundishe kuendesha gari. Hatuna jingine zaidi ya lile kukuu alilorithi kwa baba yake, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililobebeshwa kahawa hadi likapinda mgongo. Kila nilipoomba nilijibiwa maneno yale yale: klachi ya gari hili haivumilii mwanafunzi. Nikinuna, ananiletea samaki. Nilikula samaki wengi katika ndoa hii.

Kwa hiyo gari lilipotushinda mlimani, tukitoka Muleba kwa dada yangu na mikungu ya ndizi nyuma, sitasema uongo, nilisikia raha. Mume wangu alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gari likazidi kupunguza mwendo kama vile halikusikia. Ikaja harufu ya kuungua, kali, ya kukaa kooni. Tulifika mjini kwa kujikokota, mimi nikitazama nje ili asione uso wangu.

Fundi wake ni rafiki yake wa tangu shule, mwenye gereji ndogo Bukoba mjini. Alianza kwa kubonyeza pedali kwa mkono, akaona inacheza inavyotakiwa. Akakagua mafuta ya klachi, hayakuwa yamepungua wala kuvuja. Kisha akapanda mwenyewe, akavuta breki ya mkono, akaingiza gia kubwa na kuachia klachi taratibu. Alinieleza kwamba kama klachi ni nzima, injini hapo lazima izime. Haikuzima. Iliendelea kunguruma, gari limesimama pale pale.

Akasema hakuna ujanja, giaboksi ishuke. Mume wangu akaenda kutafuta mtu wa kumletea vipuri kutoka Mwanza, mimi nikabaki kwenye benchi.

Giaboksi iliposhuka, fundi alinionyesha pleti ya klachi, imelika mpaka ribiti zake, vile visumari vinavyoishika, zinakwaruza chuma inachoshikana nacho. Chuma chenyewe kilikuwa na madoa ya buluu kwa joto. Akazungusha beringi inayosukuma klachi, ikalia kama jiwe la kusagia. Alisema hiyo beringi aliiweka yeye mwenyewe si zamani, na tangu amjue rafiki yake hajawahi kumwona akiunguza klachi. Halafu akanitazama kwa tabasamu.

"Hongera kwa kujifunza, shemeji," alisema. "Ila mguu wako wa kushoto hautulii. Ukishabadilisha gia uushushe chini. Ukiupumzisha juu ya pedali, klachi haishiki sawasawa, na beringi inazunguka muda wote."

Nilimwambia nimesikia. Ningesema nini? Kwamba mguu wangu haujawahi kuigusa ile pedali hata siku moja?

Wivu nilikuwa nausikia kwa majirani tu, kama ugonjwa wa watu wengine. Siku ile uliingia ukakaa. Nilikumbuka kwamba mara mbili tatu, Jumapili asubuhi, nilikuwa nimekuta kiti cha dereva hakijarudishwa nyuma mpaka mwisho. Mume wangu ni mrefu, asipokisukuma chote magoti yake yanabana usukani. Aliyekisogeza mbele alikuwa mtu mfupi. Na kila Jumamosi mume wangu huenda Kashozi kumwona mama yake, huku akinisihi nipumzike, nisisumbuke kumsindikiza. Nilikuwa namwona mwema.

Kanisani niliacha kusikiliza mahubiri, nikawa napima wanawake wafupi. Yupo mmoja wa kwaya, sauti ya kwanza, anayecheka kila mume wangu akisema jambo, hata akisema mvua inakuja. Nilitazama viatu vyake mpaka akavificha chini ya benchi. Kilichoniuma si mapenzi peke yake. Mwanaume akipotea, hupotea, dunia haianzi leo. Kilichoniuma ni kwamba yule mfupi alipewa kile nilichonyimwa mimi, na akakiunguza, na lawama nikapewa mimi kwa hongera.

Vipuri vilifika, fundi akakwangua chuma kikawa laini, akafunga pleti mpya na beringi mpya, gari likapanda mlima kama lina umri wa mwaka mmoja. Jumamosi ikaja. Mume wangu akaniambia nipumzike. Nilimwacha aondoke, kisha nikaita pikipiki.

Kashozi nilikuta mlango wa mama mkwe umefungwa. Nyuma ya migomba ni rweya, ule uwanda wa majani ambako wanawake hukata nyasi za kutandika nyumbani, na huko nilisikia injini ikilia. Nilipita kwenye migomba nikipanga maneno yangu. Niliyapanga kwa Kihaya, kwa kuwa Kiswahili nilichosomea shuleni kina adabu nyingi mno kwa kazi ile. Gari lilikuwa linarukaruka kama chura. Mume wangu alikaa upande wa abiria. Kwenye usukani niliona kilemba tu.

Gari likazima. Mlango wa dereva ukafunguliwa, akashuka mama mkwe wangu.

Maneno yote niliyoyapanga yakatoweka, magoti yakaenda chini yenyewe kwa mazoea. "Kasinge, waitu," nikamwamkia, uso umejaa jasho la hasira.

Aliitikia, akanitazama, akaelewa kila kitu. Wanawake tunaelewana haraka katika haya.

"Kahawa iliyonunua gari hili niliichuma mimi," alisema. "Baba yao akaniambia klachi haivumilii mwanafunzi, mpaka tukamzika. Mwaka jana huyu akaja kuniambia anataka kukufundisha wewe. Nilikuonea wivu, mwanangu. Nikamwambia hakuna mwanamke atakayekaa pale kabla yangu."

Mume wangu, bado kwenye kiti cha abiria, alikuwa anachunguza nyasi kupitia dirishani. Kumbe alikuwa ametaka kunifundisha. Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi kidogo, lakini wivu haukuondoka. Ulihama tu. Ulitoka kwa mwanakwaya ukaenda kwa kikongwe huyu aliyekwisha kujua gia ya pili.

Nadhani aliuona. Alizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akamwambia mwanawe ashuke. Mume wangu akaanza kusema klachi ni mpya, tusubiri kwanza.

"Shuka," mama akasema.

Nilikaa kwenye usukani, nikasogeza kiti nyuma, mama akapanda pembeni yangu. Mara ya kwanza gari lilizima, mama akacheka kwa raha ambayo hakujisumbua kuificha. Mara ya pili likasogea, likaendelea kusogea, nyasi zikilala chini yake.

"Mguu," mama akaniambia. "Ushushe chini. Mimi niliunguza klachi ile ya kwanza kwa hivyo hivyo."

Nikaushusha. Kwenye kioo nilimwona mume wangu amesimama katikati ya rweya, mikono inaning'inia, akituangalia tukienda na gari lake bila yeye. Sura ile niliifahamu. Ndiyo niliyobaki nayo nyumbani kila Jumamosi.