Alama Aliyoikataa Evarista

Tusimsingizie mkufunzi kwa yote: Evarista alikuwa na hasira tangu zamani. Zilimwanza mwaka 1976, alipomaliza darasa la saba kule Kansay. Wakati huo serikali ilitaka watoto wa nchi nzima waingie shule kwa mkupuo, ule mpango wa UPE, na walimu wakawa wanatafutwa kwa udi na uvumba. Aliyemaliza darasa la saba jana alipewa chaki leo. Evarista alisimamishwa mbele ya watoto tisini akiwa na miaka kumi na saba, na ualimu wenyewe akafunzwa jioni, hukohuko kazini.

Watu hawakukawia kuwapachika jina walimu wa aina yake. Ualimu Pasipo Elimu, ndiyo UPE hiyo. Jina lilisemwa kilabuni, likasemwa kwenye foleni ya sukari, na Jumapili moja likasemwa nje ya kanisa na mzazi ambaye barua zake zote aliandikiwa na Evarista huyohuyo. Wenzake walicheka yakapita. Yeye hakucheka. Alijiandikisha kusoma kwa njia ya posta, akafanya mtihani wa kidato cha nne, akaanguka hisabati, akarudia. Kisha akafanya wa kidato cha sita. Mumewe, Patrisi, alimwuliza mara moja tu angechoka lini, akaliona jibu usoni, akarudi zake kwenye maharage. Ilimchukua miaka minane kufika chuoni kusomea stashahada ya kufundisha sekondari.

Mwaka 1985 kilikuwa kimebaki kitu kimoja: mazoezi ya kufundisha, wiki sita katika sekondari moja ya pale Karatu. Mkufunzi wa chuo angekuja, akae nyuma ya darasa, amtazame akifundisha, ampe alama. Bila alama hiyo hakuna stashahada. Aliyepangwa kuja ni Ndugu Raphaeli, naye alituma habari kwamba angefika Jumatano ya wiki ya mwisho.

Evarista akaandaa somo la jicho, biolojia ya kidato cha pili. Michoro ilikuwepo ofisini, lakini yeye alitaka jicho lenyewe. Jumatano asubuhi na mapema alikwenda kwenye bucha la Tajewo kuomba jicho la ng'ombe. Tajewo alimtazama kwa mashaka, maana mwanamke anayetaka jicho bila kichwa ana lake jambo, lakini alimpa.

Gari la chuo lilikuja kweli siku hiyo. Wanafunzi waliliona dirishani, Landrova ya kijani, likipita barabara kuu bila hata kupunguza mwendo, likipanda kuelekea geti la Ngorongoro. Ndani alikuwamo Ndugu Raphaeli, mkewe, na shemeji zake wawili waliotoka Dar kuja kuona kreta. Miaka ile petroli ilitafutwa kama dawa. Hiyo waliyopewa ilikuwa ya kuwakagua walimu, wao wakaenda nayo kutazama vifaru. Kifaru hakaguliwi! Kifaru alishafuzu siku nyingi.

Jicho la Jumatano Evarista aliwafundishia wanafunzi wa mkondo A, kwa kuwa jicho likilala huingia ukungu, halifai tena. Alhamisi akaomba jingine, akawafundishia mkondo B, macho yake mwenyewe yakiwa mlangoni. Ijumaa Tajewo alikuwa ameshaanza kumtania kwamba ng'ombe wote wa Karatu watakuwa vipofu kwa ajili yake. Mkondo uliobaki ulikuwa C tu.

Ijumaa hiyo, saa nne, gari likarudi limejaa vumbi. Ndugu Raphaeli hakukaribia darasa. Aliingia ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Antonia, akakaribishwa chai, akatoa fomu akajaza. Evarista alipoitwa alikuta kila kitu tayari. Vipindi viwili vimekaguliwa, cha Jumatano na cha Alhamisi. Matumizi ya zana, vizuri sana. Mpangilio wa ubao, vizuri. Chini kabisa, B. Pa kutia saini palikuwa pamebaki wazi.

"Umenikagua lini, Ndugu Mkufunzi?"

Raphaeli alimwambia apunguze ukali, hiyo ni B, na wenzake kule Mbulu wamepata C wakashukuru. Mwalimu Antonia, mama wa watu, hakuwa na ubaya wowote. Alimvuta Evarista hadi dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Tia saini. Miaka tisa yote unaimwaga kwa siku moja?"

Alijua anachokimwaga. Akikataa, fomu inarudi bila saini na yeye anarudi Kansay. Lakini akitia saini, wale wa kilabuni watakuwa wamesema kweli: mwalimu wa jina tu, aliyepewa cheti bila mkufunzi kumwona akifundisha. Tangu utotoni aliambiwa hasira hasara. Basi, na iwe hasara.

Aliiacha kalamu mezani, akatoka bila kuaga. Akaenda mkondo C, akawaamuru wabebe madawati. Wakayapanga mbele ya Landrova, na mengine nyuma yake. Ubao ukaegemezwa kwenye bampa. Sahani yenye jicho akaiweka juu ya boneti, akaanza kufundisha.

Raphaeli alitoka na kikombe mkononi, akawaamuru wanafunzi waondoke. Wanafunzi wakamtazama mwalimu wao, mwalimu akaendelea. Alilipasua jicho kwa wembe, akawaonyesha ute wake, akatoa lenzi, akampa msichana wa mbele ailaze juu ya kipande cha gazeti. Herufi zikanenepa. Darasa zima likainuka kuona, na Ndugu Raphaeli naye akanyoosha shingo. Alisimama palepale hadi kipindi kikaisha, chai imepoa, ndipo akakumbuka kwamba ameudhiwa.

Akachukua fomu mpya, akaijazia kwenye boneti. Nidhamu hafifu. Ana kiburi. C.

Evarista aliisoma yote. Katika miaka tisa ya chaki hakuwahi kufundisha vizuri kama siku ile, naye alilijua hilo. Akatia saini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Ile B ilikuwa sadaka," akamwambia. "Hii C ni wizi. Lakini umeniona nikifundisha."

Kisha akawageukia wanafunzi, akawaambia waondoe madawati, gari la watu lipite.