Faridi Anaitwa Kufa Tu

Saa mbili asubuhi, ufukweni Kajaga, Faridi anakufa kwa mara ya sita. Anakimbia hatua nne, anashika kifua, anaanguka kifudifudi mchangani. Rénovat, mwongozaji wa filamu, anafoka nyuma ya kamera: uso umeonekana, rudia.

Uso hautakiwi kuonekana kwa sababu kwenye filamu marehemu si Faridi. Ni Koplo Jovithe, askari wa kweli aliye likizoni, ambaye sasa amekaa kivulini akinywa Fanta.

Faridi, mwenye umri wa miaka 41, ni fundi wa pikipiki mtaani Buyenzi na mwigizaji kwa miaka kumi na sita. Nafasi hii ilikuwa yake. Miezi mitano alifunga gereji mapema ili ajifunze kutambaa na kushika bunduki ya mbao. Kisha Rénovat akaamua kwamba watazamaji wamechoka na askari wa bandia.

"Aliniambia anataka batu ya kweli," anasema Faridi, akitema mchanga. "Sasa mi ni nini? Karatasi?"

Hao watu wa kweli wanajua kila kitu isipokuwa kufa. Siku ya kupiga tukio la kifo ilipofika, Jovithe aligoma, na Faridi akaitwa afe badala yake.

"Mama aliningoja miaka mbili nikiwa Somalia," anaeleza koplo huyo. "Simu ikilia tu, anatetemeka. Leo anione kwenye televisheni nimelala mu damu? Apana. Siwezi kumufanyia ivyo."

Ni sababu ya heshima, na Faridi anaikubali. Ndiyo maana hasira yake yote inamwendea mwongozaji, na kwa haki. Vyaelea vimeundwa, lakini hapa aliyeunda anaambiwa, bila aibu, afiche uso.

Nyumbani, mama yake Faridi, Bi Khadidja, ameshawaalika majirani waje kumtazama mwanawe kwenye filamu.

"Mama ya Jovithe ana macho, na yangu je?" anauliza Faridi. "Bataona nini, kisogo?"

Msaidizi anamfunga kifuko cha damu ya rangi kifuani. Ni cha mwisho. Hakuna kingine mjini, na jioni askari wanarudi kambini. Mara ya saba haitarudiwa.

Faridi anajifuta mchanga usoni kwa uangalifu, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Anatuomba sisi waandishi tusimwambie Rénovat.

"Hii naanguka chali," anasema. "Macho wazi."