Jani la Isale Katika Chumba cha Seva

Kabla hujaanza kutikisa kichwa, ujue kwamba mimi si mtu wa mizimu. Wanaosema haipo huwa nawacheka kidogo. Wanaosema ipo huwa nawacheka sana, maana ng'ombe wao akikauka maziwa tu wanatafuta marehemu wa kumsingizia. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu na sijaonja hata tone la mbege, pombe yetu ya ndizi. Usipoamini, shauri yako.

Ilikuwa miaka ya mwanzoni mwa elfu mbili, wafadhili walipokuwa wakituletea kompyuta zao zilizochoka na sisi tukizipokea kwa ngoma na hotuba. Nilikuwa fundi wa kompyuta Moshi mjini. Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kule Kirua Vunjo kiliniita niunganishe mashine zao, ili mafaili yote yakae kwenye kompyuta moja, yaani seva, badala ya makarani kukimbizana na diski mkononi kutoka chumba hadi chumba. Meneja wao, bwana mwenye tai fupi na kitambi kikubwa, aliponiona alichungulia nyuma ya mgongo wangu akauliza fundi mwenyewe yuko wapi.

Nikamwambia fundi ni mimi, na kwamba nitaweka Linux, programu huria isiyolipiwa.

"Ya bure?" akasema. "Dada, kitu cha bure si kitu. Nani akupe kizuri halafu asitake chochote?"

Nikamweleza kwamba wapo watu wanaotengeneza programu na kuiacha wazi, anayetaka aitumie, anayeweza airekebishe. Alinitazama kama ninayemsimulia hadithi za sungura. Na huyo ndiye aliyejaza ofisi nzima programu za kuiba zenye virusi, kisha kila wiki analia kwamba mafaili yamepotea! Sikubishana naye. Niliomba ufunguo wa chumba.

Kazi ilinitesa. CD yangu ya Linux ilikuwa imekwaruzika, na kila usakinishaji, yaani kuiingiza programu kwenye mashine, ulipofika katikati mashine iliganda. Siku ninayoisimulia, makarani wote walikuwa wamekwenda msibani kwa jirani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, na mvua ya rasharasha inanyesha. Nilianza upya usakinishaji, safari hii ukawa unasogea, nami nikakaa sakafuni kubana vichwa vya waya za mtandao. Kazi hiyo inataka mikono miwili, macho mawili na uvumilivu, na mimi uvumilivu sikujaliwa.

Nikasikia hodi. Akaingia mzee mmoja mrefu, amevaa koti la zamani. Nilimwamkia shikamoo huku nimeng'ata kichwa cha waya. Hakuitika. Nikasema moyoni, haya, mzee mwingine aliyezaliwa na adabu ikaishia kwa kaka yake. Alisimama mguu mmoja juu ya mwingine, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Koti lake lilikuwa kavu kabisa. Nje mvua, koti kavu, tena limejaa vumbi la kijivu linalong'aa, kama ncha ya penseli. Niliona yote hayo. Unadhani nilijiuliza? Nilitaka aondoke tu.

Akauliza mashine ile inafanya nini. Nikamjibu kwa mkato kwamba mafaili ya watu wote yatakaa humo, na kila mtu ataingia kwa jina lake. Mwenye ruhusa anaingia, asiye nayo anabaki nje.

"Anayetoa ruhusa ni nani?"

"Mimi."

"Hata kama wengine wamekataa?"

"Wengine hawana sauti humu, mzee. Nikisema fulani aingie, anaingia."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyesikia alichokifuata. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akanitolea jani la isale lililofungwa fundo. "Basi pokea hili, mwanangu."

Kwa asiyetoka mlimani, isale ni mmea wetu wa mipakani na makaburini. Aliyekukosea akikuletea jani lake, anaomba msamaha, na ukilipokea umesamehe, hata kama aliua. Huwezi kulirudisha, wala kuendelea kumnunia. Mimi nililijua hilo tangu utotoni. Lakini mzee nisiyemjua angekuwa amenikosea nini, zaidi ya kunipotezea muda? Nikalipokea kwa vidole viwili, nikalitupa juu ya seva, nikarudi kwenye waya wangu.

"Aika," akasema. Asante. Akatoka.

Sijamaliza hata kichwa kimoja cha waya, meneja akaingia na tochi.

"Dada, unafanya nini gizani? Umeme umekatika tangu makarani walipoondoka."

Nikainua macho. Skrini nyeusi, chumba kizima ni kiza. Nikaigusa seva, baridi kama jiwe la mtoni. Amini usiamini, nilikuwa nikitazama maandishi yakipanda kwenye skrini ile muda wote, na ofisi ile haikuwa na jenereta wala betri ya akiba. Nikamuuliza meneja kama amepishana na mzee mlangoni. Akasema amekaa barazani tangu mvua ianze, na hakuna mtu aliyeingia wala kutoka. Akanitazama kwa huruma, na huruma ya mtu kama yule ni tusi.

Umeme uliporudi nikawasha. Seva iliwaka moja kwa moja, usakinishaji umekamilika, inasubiri jina langu. Kazi iliyonishinda kwa siku nyingi ilikuwa imemalizwa bila umeme. Nilimaliza kuunganisha, nikaweka jani kwenye mkoba, sijui kwa nini, nikapanda nyumbani kwa mama, Kibosho.

Mama aliliona lile jani nilipotoa leso. Akauliza nani amenipa. Nikaanza kusimulia kwa kucheka, mzee wa ajabu, koti hivi, vumbi hivi. Akanikatiza.

"Alisimamaje?"

Nikamwonyesha, mguu juu ya mguu. Mama akaketi chini pale pale jikoni, mwiko mkononi.

Hapo lazima nikuambie habari za baba. Aliondoka mimi nikiwa ninanyonya, akaenda kwenye machimbo ya Mererani kutafuta mawe ya utajiri. Alipata, akaoa huko, akala, akanywa, na sisi hakututumia hata kipande cha sabuni. Picha yake mama aliiwashia moto. Alipoishiwa, alituma isale kwa mama, mama akalikataa mbele ya ukoo mzima na kuapa kwamba mtu yule hatazikwa katika kihamba chetu, shamba la ukoo, ila kama mimi, mtoto wake pekee, nitamsamehe. Aliapa hivyo kwa kuwa alijua ninavyomchukia baba. Chuki ile ilikuwa kama ng'ombe wangu, niliilisha mwenyewe nikaikuza.

Kesho yake baba mdogo akafika kutoka Mererani. Baba alikuwa amefia shimoni, katika vumbi la kijivu la machimbo, mwili uko chumba cha maiti, na alikufa kabla ya ile siku ya ukungu. Wazee wa ukoo wakakaa. Kwetu mtu hulazwa kihambani, kati ya migomba ya baba zake. Kuzikwa ugenini ni kutupwa. Wakaniuliza kama nimemsamehe. Nikafungua mdomo niseme sijamsamehe, wala sitamsamehe. Kwani nilidhamiria? Mtu anaweza kusamehe huku anabana waya?

Mama akawahi. "Amepokea isale. Nimeliona kwa macho yangu." Hakunitazama. Angeweza kunyamaza tu, na mtu yule angeozea huko huko. Lakini mama si mwongo, na hilo sitaacha kumstaajabia.

Basi wakamleta. Amelala nyuma ya nyumba, kwenye kihamba alichokitelekeza, na kila asubuhi mama akifungua dirisha anamwona. Hata kufa hakukumzuia kutafuta cha bure! Tena kwa hila, kwa binti mwenye mikono iliyojaa.

Na unajua kinachoniudhi zaidi? Si kaburi. Kila Desemba napanda nyumbani nikiwa na maneno yote tayari, matusi ya miaka, nimeyapanga vizuri. Nafika pale, nasimama, naitafuta ile hasira niliyoilea tangu utoto, siioni. Najikuta nimeinama, nang'oa magugu juu yake, na mama yuko dirishani ananitazama.

Kwa hiyo wewe unayenicheka, sikia. Mtu usiyemjua akikunyooshea jani, hata ukiwa na haraka ya namna gani, weka kazi chini kwanza umtazame usoni. Mimi sikumtazama. Yule ndiye baba pekee niliyewahi kuzungumza naye, na sura yake siikumbuki.